Mswaki wa Umeme wa Kuchaji kwa Bei Nafuu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mswaki wa umeme unaonekana sasa kwenye rafu za supamaketi na maduka ya dawa ya miji mikubwa, na mwingine hufika nyumbani ndani ya sanduku la ndugu anayerudi kutoka ng'ambo. Baadhi ya maswali yaliyokusanywa hapa ni yale ambayo mtu huuliza kabla ya kutoa fedha zake. Mengine huuliza akiwa amekwisha kununua na ameanza kujuta. Majibu yanahusu miswaki ya kuchaji ya bei ya chini na ya kati, wala hayagusi ile yenye skrini na programu ya simu isipokuwa kwa kupita.

Je, mswaki wa umeme husafisha meno kuliko mswaki wa mkono?

Husafisha zaidi, ingawa tofauti si kubwa kama matangazo yanavyodai. Mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yaliyotolewa mwaka 2014, ambayo yalikusanya majaribio 56 yenye washiriki zaidi ya 5,000, yalionyesha kwamba ukoga kwenye meno ya waliotumia miswaki ya umeme ulipungua kwa asilimia 11 ukilinganishwa na wa waliotumia miswaki ya mkono katika kipindi cha mwezi mmoja hadi mitatu, na kwa asilimia 21 baada ya miezi mitatu. Uvimbe wa fizi nao ulipungua kwa asilimia 6, kisha kwa asilimia 11. Watafiti hao hao walitahadharisha kwamba haijabainika faida hiyo ina uzito gani kitabibu.

Kwa hiyo mtu anayepiga mswaki wa mkono kwa dakika mbili kamili, taratibu na bila kuruka sehemu, hana sababu ya kuuona mswaki wake kuwa duni. Hata mswaki wa mti, ule unaokatwa kutoka kwenye mti uitwao mswaki, husafisha vizuri katika mkono wenye subira. Tatizo ni kwamba wengi wetu hatuna subira hiyo: tunasugua meno ya mbele kwa nguvu, tunagusa magego kidogo, tunasukutua na kuondoka. Mtu wa namna hiyo ndiye atakayepata thamani ya fedha zake, kwa kuwa kifaa kitamhesabia muda na kumfanyia ile miondoko midogo midogo ambayo mkono wake hauna nafasi ya kuifanya.

Ni nani hasa anayeuhitaji?

Wako wanaouhitaji kweli, mbali na wanaoupenda tu. Mzee mwenye baridi yabisi ya vidole, mtu aliyepooza upande mmoja baada ya kiharusi, mwenye kutetemeka mikono, na yeyote anayesafishwa meno na mwingine, hawa hufaidika sana, kwa sababu mpini ni mnene na unashikika, na kazi ya kusugua inafanywa na mota. Vijana waliofungwa nyaya za kunyoosha meno nao husaidika, kwani chakula hukwama kila mahali kuzunguka nyaya hizo.

Mswaki wa kichwa cha duara na ule wa kutetemeka vinatofautianaje?

Ule wenye kichwa kidogo cha duara, ambao Oral-B ndiyo iliyoufanya ujulikane zaidi, huzungusha kichwa kidogo kwenda na kurudi kwa kasi. Ule wenye kichwa kirefu kinachofanana na cha mswaki wa kawaida hutetemeka kuelekea pande mbili kwa kasi kubwa zaidi. Philips Sonicare, iliyoingia sokoni mwaka 1992, ndiyo mfano wake maarufu, na hutajwa kuwa na miondoko 31,000 kwa dakika. Miswaki mingi ya bei nafuu kutoka China hufuata muundo huu wa pili.

Aina zote mbili zinasafisha. Chaguo linategemea zaidi mdomo na mazoea yako: kichwa cha duara ni kidogo na hufika kirahisi nyuma ya magego ya mwisho, lakini kinataka uende jino baada ya jino; kichwa kirefu ni rahisi kukizoea kwa mtu aliyetumia mswaki wa mkono maisha yake yote, lakini mtetemo wake huwasha midomo na pua kwa siku chache za mwanzo. Namba kubwa zinazoandikwa kwenye boksi, kama vile miondoko 40,000 na zaidi, hazimaanishi kwamba mswaki huo unasafisha kuliko wenye 31,000.

Ipo pia miswaki inayotumia betri ndogo za kawaida, zile za rimoti. Ni ya bei rahisi sana, lakini mingi inatetemeka kwa unyonge, na kila betri zinapoanza kuisha unyonge huo unazidi bila wewe kutambua. Kwa matumizi ya kila siku, huo si ununuzi ninaoushauri.

Mswaki wa bei nafuu unapaswa kuwa na nini, na nini si lazima?

Uwe na kipima muda kinachozima mashine au kutoa ishara baada ya dakika mbili, na ni vizuri zaidi kikishtua kidogo kila sekunde 30 ili uhamie robo nyingine ya mdomo. Uwe na vichwa vya kubadilishwa vyenye nyuzi laini. Uwe umezibwa maji yasiingie. Alama ya IPX7 ina maana kwamba unaweza kuzama kwenye maji ya kina cha mita moja kwa dakika 30 bila kuharibika, ilhali IPX4 ni kinga ya kurushiwa maji tu, jambo ambalo halitoshi kwa kifaa kinachooshwa chini ya bomba mara mbili kwa siku. Ikiwezekana, uwe na kihisi kinachowasha taa au kupunguza kasi unapokandamiza kupita kiasi. Hicho ndicho kitu pekee ambacho ningekubali kuongeza fedha kwa ajili yake, maana wanaotoka kwenye mswaki wa mkono karibu wote hukandamiza mno.

Mitindo mitano ya kusafisha, kisanduku cha kusafiria kinachochaji, taa za rangi na kuunganishwa na simu ni mapambo. Watu wengi hutumia mtindo mmoja, ule wa kawaida, tangu siku ya kwanza hadi mswaki unapokufa.

Kwa nini mnasisitiza bei ya vichwa kuliko bei ya mswaki wenyewe?

Kwa sababu mpini hununuliwa mara moja na kichwa hununuliwa maisha yote ya mpini. Kichwa kinapaswa kubadilishwa kila baada ya miezi mitatu hivi, au mapema zaidi nyuzi zinapotanuka na kulala pembeni, kwani nyuzi zilizolala hazisuguani na jino inavyotakiwa. Hiyo ni vichwa vinne kwa mwaka kwa kila mtu.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mswaki mmoja unauzwa shilingi 40,000 na kichwa chake shilingi 15,000. Mwingine unauzwa shilingi 70,000 na kichwa chake shilingi 5,000. Kila mmoja umekuja na kichwa kimoja. Katika miaka mitatu utahitaji vichwa vingine 11. Wa kwanza utakuwa umekugharimu shilingi 205,000, na wa pili shilingi 125,000. Ule ulioonekana rahisi dukani ndio ghali.

Kuna jambo baya zaidi ya bei, nalo ni kukosa vichwa kabisa. Miswaki mingi isiyo na jina huingizwa mara moja kwa wingi, ikauzwa, na mwagizaji akahamia bidhaa nyingine. Baada ya miezi sita unabaki na mpini mzima usio na kichwa, ambao hauna kazi tena. Niliwahi kununua mmoja wa namna hiyo kwa sababu ya rangi yake na bei yake, na vichwa viwili vilivyokuja nao vilipokwisha nilizunguka maduka hadi nikachoka. Tangu hapo desturi yangu ni moja: naulizia vichwa kwanza, mswaki baadaye. Duka likisema vichwa havipo lakini vitakuja, nalishukuru na kuondoka.

Je, kichwa chochote kinaingia kwenye mpini wowote?

Hapana. Vichwa vya Oral-B haviingii kwenye Sonicare, wala vya Sonicare kwenye Oral-B. Hata ndani ya jina moja kuna mitego: mipini ya Oral-B ya mfululizo wa iO, uliotoka mwaka 2020, ina vichwa vyake yenyewe ambavyo haviingiliani na vya mipini ya zamani, na baadhi ya miswaki ya zamani ya Sonicare hutumia kichwa cha kuzungusha kama skrubu badala ya kile cha kusukuma. Kama una shaka, nenda dukani na kichwa cha zamani mfukoni.

Inafaa pia kutofautisha vichwa vya kampuni nyingine na vichwa bandia. Kampuni nyingi hutengeneza, chini ya majina yao wenyewe, vichwa vinavyoingia kwenye mipini maarufu, na vingine ni vizuri na vya bei ya kuridhisha. Kichwa bandia ni kile kinachojifanya kuwa cha kampuni ambayo haikukitengeneza. Kwa aina zote mbili kipimo ni kilekile: kikae bila kucheza, kisipige kelele ya kugongana, nyuzi zisikwaruze unapozipitisha juu ya mdomo, na zisidondoke. Nyuzi zilizotengenezwa vizuri huviringishwa ncha zake. Zilizokatwa tu na kuachwa na ncha kali huchubua fizi. Ukiona nyuzi moja imebaki mdomoni siku ya kwanza, kitupe kichwa hicho.

Ndugu yangu ameniletea mswaki kutoka Marekani. Naweza kuuchomeka hapa?

Usiuchomeke kabla ya kusoma maandishi madogo yaliyo chini ya chaja. Umeme wa majumbani Marekani na Kanada ni wa volti 120 hivi, ilhali Tanzania ni volti 230 na Kenya volti 240. Chaja iliyoandikwa 100–240V inapokea umeme wa kote, na hitaji lako ni plagi tu. Chaja iliyoandikwa 110–130V au 120V haiwezi kustahimili umeme wetu: itapata moto na kuungua, na wakati mwingine itaondoka na mswaki wenyewe.

Wengi huteleza kwenye adapta. Adapta ya soketi inabadilisha umbo la miguu ya plagi. Haipunguzi volti hata moja. Anayetaka kutumia chaja ya volti 120 anahitaji transfoma ya kushusha umeme, na kwa kifaa cha bei hii mara nyingi ni nafuu kutafuta chaja nyingine ya volti 230 iliyotengenezwa kwa ajili ya mswaki huohuo. Chaja ya kupitisha umeme bila waya kwa ajili ya simu haitafanya kazi hiyo, ingawa zote mbili zinatumia kanuni moja ya koili mbili zinazopashana nguvu kupitia plastiki.

Mswaki ulionunuliwa Uingereza hauna tatizo la volti, lakini huwa na plagi ya miguu miwili ya duara iliyokusudiwa soketi za bafuni za mashine za kunyolea. Miguu hiyo ni minene kuliko ya plagi ya Ulaya bara, kwa hiyo haiingii kirahisi kwenye kila adapta. Ipo adapta yake maalumu yenye fyuzi, na ndiyo ya kutafuta. Ile desturi ya kuchomeka kalamu au kijiti kwenye tundu la juu la soketi ili matundu mawili ya chini yafunguke ni ya hatari popote, na karibu na sinki lenye maji ni hatari maradufu. Mswaki uliotoka Muscat au Dubai kwa kawaida huchomekwa moja kwa moja, kwani huko volti na umbo la soketi ni kama vya kwetu.

Kwa wanaotaka kuepuka hesabu hizi zote, mswaki unaochajiwa kwa waya wa USB ndio jibu. Unatumia volti 5, zilezile za chaja ya simu, popote duniani.

Umeme unakatika mara kwa mara kwetu. Chaji inakaa muda gani?

Hutegemea betri. Miswaki ya kawaida yenye betri za nikeli hukaa siku tano hadi wiki moja, na kuijaza kutoka sifuri huchukua saa nyingi, mara nyingi usiku mzima na zaidi. Yenye betri za lithiamu hukaa wiki mbili na kuendelea, na miswaki mingi ya USB hudai mwezi mmoja, dai ambalo huwa na ukweli wakati mswaki ungali mpya. Kwa nyumba yenye mgao wa umeme, lithiamu ni bora bila ubishi, kwa kuwa siku mbili za giza hazitautikisa.

Wenye pawabanki wajue kwamba baadhi yake hujizima zenyewe mswaki unapochomekwa, kwani mswaki unavuta umeme kidogo sana kiasi kwamba pawabanki hudhani hakuna kitu kilichounganishwa. Hapo mswaki haujaharibika. Jaribu chaja ya simu ya ukutani au tundu la USB la taa ya sola. Wenye inveta za bei ya chini, zile ambazo hazitoi umeme wa wimbi laini, wasichomeke humo kwa muda mrefu chaja ambayo mswaki husimamishwa juu yake, maana baadhi ya chaja hizo hupata joto kupita kiasi.

Umeme ukikatika na chaji ikaisha siku moja, mswaki wa umeme uliozimwa bado ni mswaki. Sugua kwa mkono.

Niuache juu ya chaja kila wakati?

Chaja nyingi za kusimamisha mswaki zimeundwa ili mswaki ukae juu yake bila madhara, na kijitabu cha maelekezo kitakuambia kama wako ni mmojawapo. Hata hivyo, mahali ambapo umeme hupanda na kushuka, naona ni busara kuchaji mara moja kwa wiki au mbili kisha kuchomoa, ili chaja isikutwe ukutani umeme unaporudi kwa kishindo. Kinachoua betri za lithiamu mapema ni kuachwa tupu kabatini kwa miezi. Ukisafiri safari ndefu, ujaze hadi nusu hivi, uuzime na kuuhifadhi mahali pasipo joto. Ukisafiri nao kwa ndege, uweke kwenye mkoba wa mkononi pamoja na vifaa vyako vingine vya betri.

Unatumiwaje ipasavyo?

Jambo la kwanza ni kuacha kusugua. Anayetoka kwenye mswaki wa mkono huendeleza mwendo wa mbele na nyuma huku mashine nayo ikifanya mwendo wake, na matokeo yake ni fizi zilizochubuka na meno ya nyuma yaliyorukwa. Kazi ya mkono sasa ni kuongoza tu.

Lowesha kichwa, weka dawa ya meno, peleka mswaki mdomoni, kisha ndipo uwashe. Anayewasha kabla atapaka dawa kioo na shati. Kama kichwa ni cha duara, kiweke juu ya jino moja, ukiache hapo kwa sekunde chache, ukifuatishe umbo la jino hadi kwenye ukingo wa fizi, kisha sogea jino linalofuata. Maliza nje ya meno ya juu, ndani yake, sehemu ya kutafunia, ndipo ushuke chini. Kama kichwa ni kirefu, kiinamishe nyuzi 45 kuelekea fizi, yaani nusu ya kona ya mraba, ili ncha zake zifike pale jino linapokutana na fizi, na ukisogeze taratibu sana. Mahali hapo pa kukutania ndipo ukoga hujificha na ndipo ugonjwa wa fizi huanzia.

Gawanya mdomo katika robo nne na kila robo uipe sekunde 30. Sehemu mbili husahaulika karibu na kila mtu: upande wa ndani wa meno ya chini ya mbele, ambako ukoga hugeuka kuwa ugaga mgumu kwa haraka kwa sababu mate hutiririkia hapo, na mgongo wa gego la mwisho. Kwa meno ya ndani ya mbele, simamisha mswaki wima.

Mkandamizo uwe mwepesi. Mwenye mizani ya jikoni na ajaribu: abonyeze mswaki uliozimwa juu ya mizani hadi isome gramu 150 hivi, na hicho ndicho kiasi cha kukaribia. Asiye na mizani aushike mpini kwa ncha za vidole kama anavyoshika kalamu, si kwa ngumi. Ngumi ndiyo inayoleta nguvu isiyotakiwa.

Mara mbili kwa siku zinatosha, moja ikiwa ya mwisho kabla ya kulala, na baada ya hiyo usile kitu. Ukinywa juisi ya ukwaju, ya ndimu au soda, subiri walau nusu saa kabla ya kupiga mswaki, kwani asidi hulainisha gamba la jino kwa muda.

Fizi zinatoka damu tangu nianze kuutumia. Niache?

Mara nyingi damu hiyo inatoka kwenye fizi zilizokuwa na uvimbe tangu zamani kwa sababu ya ukoga, na mswaki umeufichua tu uvimbe huo. Punguza mkandamizo, tumia kichwa laini kabisa, na endelea kusafisha hapohapo panapotoka damu, kwa kuwa kupaepuka kunazidisha tatizo. Katika wiki moja au mbili damu hupungua. Isipopungua, au ikifuatana na usaha, harufu mbaya isiyokwisha au meno kulegea, muone daktari wa meno. Mwenye kisukari, mjamzito, na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda wasingoje wiki hizo mbili.

Ikiwa fizi zinashuka na meno yanapata ganzi kwa maji baridi, kisababishi cha kwanza kukichunguza ni mkono wako.

Nitumie dawa gani ya meno?

Ile ya kawaida yenye floridi, ya kiwango cha 1,000 hadi 1,500 ppm (sehemu kwa kila milioni) kwa mtu mzima. Kiwango hicho huandikwa kwenye tyubu. Hakuna haja ya dawa maalumu ya mswaki wa umeme. Kiasi cha punje ya njegere kinatosha, kwa sababu mashine hutengeneza povu jingi. Unga wa mkaa na chumvi visitumike pamoja na mswaki huu, kwani mwendo wake wa kasi ukiongezewa chembe ngumu hukwangua gamba la jino. Ukimaliza, tema povu na usisukutue kwa maji mengi. Floridi inayobaki ndiyo inayofanya kazi.

Je, utaondoa rangi ya kahawia kwenye meno yangu?

Rangi ya chai, kahawa, tumbaku au miraa iliyokaa juu ya jino hupungua kidogo kidogo. Ugaga mgumu hautoki kwa mswaki wowote. Huo ni kazi ya daktari.

Rangi inayotokana na floridi nyingi kwenye maji ya kunywa ni jambo jingine kabisa, na linahitaji kusemwa waziwazi kwa wasomaji wa Arusha, Kilimanjaro, Nakuru na maeneo mengine ya Bonde la Ufa, ambako miamba ya volkano hutia floridi kwenye maji ya visima na chemchemi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kiwango kisichozidi miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo vingi vya huko huvuka hapo. Mabaka hayo hujijenga ndani ya gamba la jino utotoni, wakati jino lingali linaumbwa chini ya fizi. Hakuna mswaki utakaoyatoa, na anayeyasugua kwa hasira ataishia kulipunguza gamba tu. Madaktari wa meno wana njia za kuyafifisha au kuyafunika. Katika maeneo hayo wazazi wamuulize daktari kuhusu kiasi cha dawa ya meno kinachomfaa mtoto, na wahakikishe mtoto anatema.

Mtoto anaweza kuutumia?

Kuanzia miaka mitatu, kwa kichwa kidogo cha watoto na mkono wa mzazi. Chini ya hapo mswaki wa mkono unafaa zaidi. Dawa iwe kama punje ya mchele kwa aliye chini ya miaka mitatu, na kama punje ya njegere kuanzia hapo hadi sita. Mtoto ambaye bado hawezi kufunga kamba za viatu vyake hana wepesi wa kutosha wa vidole kujisafisha meno peke yake, hata kama mashine inampendeza.

Watu wawili wanaweza kutumia mpini mmoja?

Wanaweza, kila mmoja akiwa na kichwa chake chenye alama ya rangi, na mpini ukifutwa baada ya kila matumizi. Kwa familia yenye bajeti ndogo hii ndiyo njia nzuri kuliko zote ya kupunguza gharama. Kichwa chenyewe hakichangiwi, hata na mke na mume.

Kuna utelezi mweusi ndani ya kichwa. Ni nini?

Ni mchanganyiko wa dawa ya meno, mate na ukungu unaojikusanya pale kichwa kinapoungana na mpini. Kila mara ukimaliza, chomoa kichwa, kisuuze ndani na nje, futa chuma kinachochomoza kwenye mpini, na uviache vikauke wazi, vikiwa vimesimama. Vifuniko vya plastiki visivyopitisha hewa huzidisha ukungu, hasa katika unyevu wa pwani. Maji ya moto yanayochemka yasitumike, kwani hupinda nyuzi.

Nina kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo, na jino langu moja limetoka kung'olewa. Kuna hatari?

Kuhusu moyo, chaja za koili hutoa sumaku hafifu, kwa hiyo muulize daktari wako wa moyo kabla ya kununua, na chaja usiiweke karibu na kifua. Kuhusu jino, usiguse kidonda kwa siku ya kwanza, safisha meno mengine kwa uangalifu, na ufuate maelekezo ya aliyeling'oa.

Bado ninahitaji uzi wa meno?

Ndiyo. Nyuzi za mswaki haziingii katikati ya meno yaliyogusana, hata mota iende kasi gani. Tumia uzi wa meno au vile vibrashi vidogo vya katikati ya meno mara moja kwa siku. Kijiti cha mbao kinaondoa nyama iliyokwama, lakini hakisafishi ukuta wa jino.

Mswaki umekufa. Fundi anaweza kuutengeneza?

Mingi imezibwa kwa gundi ili maji yasiingie, na ikishafunguliwa hairudi kuwa salama tena kwenye maji. Fundi mzuri anaweza kubadilisha betri, lakini kwa mswaki wa bei nafuu malipo yake mara nyingi hukaribia bei ya mpya. Kabla ya kuukatia tamaa, uweke kwenye chaja kwa saa 24 kamili, kwani betri iliyokauka kabisa huchelewa kuonyesha dalili yoyote, na ujaribu chaja au waya mwingine.

Ukiwa umekufa kweli, usiutupe kwenye moto wa kuchomea taka nyuma ya nyumba, maana betri ya lithiamu hulipuka. Wapelekee wanaokusanya simu mbovu na vifaa vya umeme vilivyokwisha, na vichwa vilivyobaki, kama ni vya aina inayopatikana, mpe mtu mwenye mpini kama wako.